Wifi, Nakuandikia Kutoka Burundi

Wifi yangu mpenzi,

Unisalimie kikundi chote cha kusuka ukili hapo Tanga, hasa yule shoga yako anayesema kila nikisafiri narudi na maneno matupu. Mwambie safari hii zawadi ipo, ila barua inatangulia.

Uliniuliza kwenye simu kama wanawake wa Burundi nao wana sanaa yao, au ni zile ngoma tu za wanaume tunazoziona kwenye sherehe. Nilikujibu juu juu kwa sababu gari la Muyinga lilikuwa linataka kuondoka, na jibu lenyewe ni refu. Weka miaa pembeni, mimina chai, nikueleze.

Nilitokea nyumbani Ngara nikapitia mpaka wa Kabanga. Kuvuka siku hizi si kazi. Maofisa wa Tanzania na wa Burundi wanakaa kituo kimoja, unagongewa mihuri, unabadilisha shilingi kuwa faranga, umeshafika Kobero, upande wa Burundi. Kazi inaanza unapotaka usafiri. Mafuta yamekuwa adimu Burundi kwa miaka sasa, na kwenye vituo utakuta magari yamejipanga tangu jana, madereva wamelala ndani. Nauli inategemea siku imeamkaje. Wasiojali ni wenye baiskeli, velo kama wanavyoziita huku. Zinabeba mikungu ya ndizi, mkaa, magodoro, hata abiria wa saizi yangu, na kwenye mteremko zinashuka kwa kasi iliyonifanya nisome kila dua niliyowahi kufundishwa.

Muyinga mjini ungejisikia uko kwenu. Waislamu ni wengi, adhana unaisikia, na sokoni Kiswahili kinakwenda bila mkalimani, kama kule mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Chapati na maharage vipo, chai ya maziwa ipo. Kitu kimoja tu cha kukuandaa: ukitazama ramani mpya usibabaike. Mwaka 2025 nchi hii iliunganisha mikoa yake 18 ikabaki 5, na tarafa 119 zikawa 42. Muyinga iliyokuwa mkoa sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na Mwakiro iliyokuwa tarafa kamili haimo tena kwenye orodha ya tarafa. Wenyewe hawajali. Ukimuuliza mtu anatokea wapi, anasema Mwakiro, basi.

Na huko ndiko nilikoelekea, upande wa Mto Ruvubu.

Usitegemee kuona kijiji kama vyetu, nyumba zimepangana barabarani. Huko kila familia ina rugo, yaani boma lake, kwenye ubavu wa kilima, migomba imelizunguka, kahawa chini kidogo, maharage katikati ya migomba, mpunga bondeni kwenye maji. Jirani yuko umbali wa kuitana. Kutoka juu ya kilima bonde la Ruvubu linaonekana, na kando ya mto huo huo, huko mbele, ndiko iliko hifadhi ya taifa yenye nyati na viboko. Kisha maji yake yanateremka hadi Rusumo, yanakutana na Nyabarongo, unazaliwa mto Kagera, unakwenda zake Ziwa Victoria. Kwa hiyo nilikuwa ugenini nikitazama maji yanayokwenda kwetu, na ni raha ya ajabu kidogo.

Mwenyeji wangu ni mama wa makamo, mkulima wa kahawa, na jina lake ameniomba nisiliandike. Lugha haikutusumbua. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, nikikwama namalizia kwa Kiswahili. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua maharage, akaingia bibi mmoja jirani ambaye walikuwa hawajaonana muda. Nikadhani watapeana mkono na kukumbatiana kama kawaida. Wifi, nikaacha maharage.

Walisimama karibu sana, wameshikana mikono juu ya viwiko, nyuso zinatazamana. Bibi akaanza kuimba, sauti ya juu na nyembamba, maneno yakitoka mbio mbio. Kabla hajamaliza mwenzake akapokea, lakini hakupokea kama kiitikio cha kwenye taarabu, ambapo mwimbaji akishamaliza ndipo wengine wanaingia. Huyu alikuwa anaingia kwenye pengo la pumzi. Silabi ya bibi, silabi ya mama, ya bibi, ya mama, mpaka sikio langu likashindwa kujua nani ni nani. Midomo miwili, mstari mmoja wa sauti. Wakati huo mikono haikutulia, inapanda begani, inashuka kiwikoni, inapapasa. Mwisho wakafika pamoja kwenye sauti moja ndefu, wakacheka, na bibi akakaa chini akaanza kuchambua maharage kama vile hakuna lililotokea.

Hiyo inaitwa akazehe. Ni salamu ya wanawake, ya kumkaribisha mgeni, ya kumsindikiza bibi harusi, ya mama anayemwona binti yake baada ya muda. Ndani ya ule wimbo unaulizwa habari za watoto, unasifiwa, unaombewa amani. Na huwezi kuiimba peke yako ikakamilika. Lazima awepo wa kukupokea. Nilimuuliza mwenyeji alijifunza wapi. Akanitazama kama nimemuuliza alijifunza wapi kutembea. Kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Halafu akasema jambo lililonikaa: binti zake wanaijua kwa kuisikia tu, hawawezi kuipokea. Wakikutana wanapeana mkono, wanatoa simu.

Sasa nikupe kisa ambacho ukikisikia utanuna. Mwaka 1967 Mfaransa mmoja, Michel Vuylsteke, alirekodi muziki wa asili wa Burundi, na lebo ya Ocora ya Ufaransa ikatoa sahani. Kwenye sahani hiyo moja zimo ngoma za wanaume, na zimo pia akazehe za wasichana. Ngoma zilizunguka dunia. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alizitia kwenye wimbo wake "The Jungle Line", na miaka ya 1980 vijana wa Uingereza wakajenga nyimbo nzima za kuuza juu ya mdundo huo. Wale wasichana waliorekodiwa kwa sahani ile ile, kimya. Ngoma ya Burundi ikawa Burundi yenyewe machoni pa watu, na kile ambacho wanawake wanafanya uani kwao kikabaki kuwa mambo ya uani. Sisemi ngoma si nzuri. Nasema nyumba ina vyumba viwili na wageni wote wanaonyeshwa kimoja.

Jioni, tukiwa tumewasha taa ya sola, nilimuuliza mama nani katika Burundi hii anamwita kiongozi katika sanaa, mwanamke. Nilitegemea aseme Khadja Nin, maana sisi ndiye tunayemjua. Akamtaja, lakini wa pili. Wa kwanza alisema ni mwandishi wa ule mchezo wa redio wa majirani.

Wifi, unaukumbuka ule mchezo wetu, Twende na Wakati, ulioanza Redio Tanzania mwaka 1993? Unamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu, mtaa mzima unamtukana Mkwaju kama vile ni mtu wa kweli? Basi Burundi nao walikuwa na wao, ila wao hawakuwa wanazungumzia tabia za madereva. Walikuwa wanazungumzia jirani yako kesho atakuua au hatakuua.

Unajua historia. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, rais wa kwanza aliyechaguliwa kwa kura za vyama vingi, aliuawa, na nchi ikaingia kwenye mauaji na vita. Sisi wa Ngara tunaijua kwa upande wetu, kwa misururu ya watu na kambi zilizojaa vilima, na kwa Redio Kwizera iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya hao wakimbizi na ambayo mpaka leo tunaisikiliza. Mwaka huo huo, Bujumbura, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo, studio ambamo Wahutu na Watutsi walitengeneza vipindi pamoja wakati mitaa ya mji ule ilikuwa imegawanywa kwa damu. Na mwaka 1997 kikaanza mchezo wa redio, Umubanyi Niwe Muryango: jirani ndiye familia.

Mwandishi wake ni Marie-Louise Sibazuri. Mwanamke wa tamthilia na hadithi, anayeandika kwa Kirundi cha watu wa vilimani, kile cha methali na mafumbo. Mchezo wake unakalisha familia mbili ukuta kwa ukuta, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi, na kuziacha ziishi: kuazimana chumvi, kugombania mpaka wa shamba, watoto kupendana, wazee kununa, uvumi kupita, mtu kumficha mtu. Hakuna anayehubiri. Aliandika mamia ya vipindi, miaka nenda rudi, wakati vita havijaisha. Ule mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, na mapigano yaliendelea hata baada yake.

Mama alinieleza walivyousikiliza kule Mwakiro. Redio ilikuwa moja kwa rugo kadhaa. Betri zilianikwa juani zipate nguvu kidogo kabla ya saa ya mchezo. Watu walikuja kukaa uani, na ndani ya hao watu walikuwemo ambao mchana hawakuwa wakisalimiana. Haikuwezekana kusikiliza bila kukaa pamoja, kwa sababu redio ilikuwa moja. Baada ya kipindi, ubishi: yule mama kwenye mchezo alifanya vizuri au vibaya kumficha mtoto wa jirani? "Ukimjadili mtu wa kwenye redio," aliniambia, "huna haja ya kumtaja aliyekaa pembeni yako." Nimekaa na wanasiasa, wifi, nimekaa na wachungaji na masheikh, sijasikia mtu akieleza kazi ya sanaa kwa uwazi kama mkulima huyu wa kahawa.

Ndiyo maana nachoka na haya maneno ya "kurudisha kwa jamii". Siku hizi msanii akipeleka katoni za sabuni kituo cha yatima, na kamera mbele, tunaambiwa amerudisha kwa jamii. Sabuni inahitajika, sikatai. Lakini Sibazuri alichukua alichokuwa nacho hasa, yaani ufundi wake wa maneno, akakitia kwenye kidonda ambacho kila mtu alikuwa anakikwepa, tena kwa lugha ambayo bibi asiyejua kusoma anaielewa. Aliyotoa ndiyo kazi yake yenyewe. Hakufanya biashara kwanza kisha akatoa chenji.

Khadja Nin naye nisimsahau, mama asije akasema nimempunja. Amezaliwa Burundi mwaka 1959, akaishi Zaire, kisha Ubelgiji, na akachagua kuimba zaidi kwa Kiswahili wakati soko la Ulaya lilikuwa halikijui. Sambolera ya mwaka 1996 sisi tuliicheza kwenye harusi bila hata kujua anatoka wapi. Nakumbuka wengine wakiapa ni Mkongo, wengine Mzanzibari. Amekuwa balozi wa hiari wa UNICEF, na mwaka 2018 alikaa kwenye jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes chini ya Cate Blanchett. Kwa wanawake wa Muyinga wanaosema Kiswahili, yeye ni ushahidi kwamba lugha ya sokoni kwao inaweza kufika jukwaa lolote. Mchana mmoja nilimsikia binti wa duka la vitenge akiimba naye kutoka kwenye simu, neno kwa neno, huku anapima kitambaa.

Kabla sijaondoka Muyinga nilipelekwa kuona maktaba. Nenda ukaione, wifi, hata kama vitabu havikuvutii. Ilijengwa mwaka 2012 na wasanifu majengo wa kampuni ya BC ya Brussels pamoja na watu wa hapa hapa, kama sehemu ya shule ya watoto wasiosikia. Matofali ni udongo wa hapo hapo uliokandamizwa, hayakuchomwa. Lakini wewe uliyetoka kwenye familia ya wasukaji ungeinua macho juu: ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge uliotandazwa angani, watoto wanapanda, wanalala juu yake na kusoma. Nilivuta kamba moja kuona ilivyopotwa. Imekaza, haina fundo la uvivu.

Ndipo nikaelekea Gitega kwa njia ya Karuzi. Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ila usitegemee ghorofa na foleni. Ni mji wa vilima, wa makanisa na soko, unatembea kwa miguu ukaumaliza. Makumbusho ya taifa yapo hapo tangu mwaka 1955, madogo, na ndani vipo vyungu, picha za watawala wa zamani, ngoma, na vikapu ambavyo ningekaa navyo siku nzima kama si mlinzi kuanza kufunga madirisha.

Kutoka Gitega unafika Gishora kwa muda mfupi. Hapo ndipo patakatifu pa ngoma, palipoanzishwa na mfalme, Mwami Mwezi Gisabo, katika karne ya 19 baada ya kumshinda chifu aliyemwasi. Vijana wanaingia uwanjani na ngoma kichwani, huku wanapiga, na ardhi unaisikia tumboni. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka mchezo huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na kwa haki. Mmoja anaruka mpaka magoti yanapita masikio, mwingine anacheza na mirisho, fimbo zake za kupigia, shingoni kama anataka kujikata. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Baadaye muongozaji alinieleza ngoma yenyewe, na hapo ndipo nilipoacha kupiga makofi nikaanza kuuliza. Imechongwa kwa mti wa umuvugangoma. Ina tumbo, inda. Ina kitovu. Vile vigingi vya kuwambia ngozi vinaitwa amabere, matiti. Ina urugori, taji la mama aliyezaa. Ina ngozi ya kubebea mtoto mgongoni. Ni mwanamke mzima, wifi, kuanzia juu mpaka chini. Na Karyenda, ile ngoma kuu ya kifalme, ilikuwa na mke wake, Mukakaryenda, msichana aliyewekwa kuitunza. Sasa uliza kama mwanamke anaruhusiwa kuipiga. Hapana. Haikuwa desturi, na tangu Oktoba 2017 ni amri ya rais: ngoma ni ya wanaume, wanawake wanaweza kucheza ngoma zao za kike zinazoambatana nayo. Amri hiyo hiyo inataka vikundi visajiliwe wizarani, na kwa onyesho lisilo la shughuli rasmi kuna ada ya faranga 500,000.

Nilimuuliza kwa adabu, maana mgeni ni mgeni: kama ngoma ni mwanamke, mwanamke hawezi kuisemea? Akacheka, akasema ni kwa heshima. Mwanamke hampigi mwanamke mwenzake. Jibu zuri, lina werevu. Lakini nimeolewa miaka mingi, wewe pia, na tunaijua heshima ya namna hiyo, ile ya kukuweka juu ya kabati ili usiguse kitu.

Ukitaka kujua yangekuwaje mambo, vuka mpaka wa kaskazini. Rwanda nako ngoma ilikuwa mwiko kwa wanawake. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese, mtu wa tamthilia anayeitwa na wengi Kiki, aliwakusanya wanawake huko Butare, yaani Huye ya leo, akaanzisha Ingoma Nshya. Ni miaka 10 tu baada ya mauaji ya kimbari. Ndani ya kikundi walikaa wajane, yatima, na wake na mabinti wa watu waliokuwa gerezani kwa kuua, wamesimama bega kwa bega wanapiga. Mbingu hazikuanguka. Mwaka 2010 wakafungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, la kwanza la aina yake mjini hapo, na maana yake ni ndoto nzuri. Kuna waliocheka: nchi yenye majeraha hivyo, mnauza aiskrimu? Mimi nadhani ndicho kitu chenye akili zaidi alichofanya yule mwanamke. Ngoma ilitoa furaha, duka likatoa mshahara, na hakuna aliyesubiri mfadhili amalize mkutano. Huyo Katese ndiye pia aliyewakalisha wajane na waliofungwa kuandika barua kwa marehemu wao, kazi iliyokuja kuwa onyesho liitwalo The Book of Life, likaonyeshwa kwenye tamasha la Edinburgh mwaka 2022.

Hapa Burundi njia hiyo imefungwa, angalau kwa sasa. Ila nimeona kwamba wanawake hawakukaa chini wakalia. Wanasuka.

Najua umekuwa unasubiri sehemu hii. Igiseke ni kikapu chenye mfuniko uliochongoka juu, cha kubebea zawadi harusini. Icibo ni kile cha kuwekea chakula. Nilikaa na wasukaji wa huko huko Mwakiro nikawatazama mikono. Hawasuki ukili mrefu halafu wakashona kama ninyi. Wanachukua kichala cha nyasi kavu, kinene kama penseli, wanakizungusha kuanzia katikati ya kitako, na kila mzunguko unafungwa kwenye ule wa chini kwa uzi mwembamba wa mmea unaopitishwa kwenye tundu linalotobolewa kwa msumari wenye mpini. Toboa, pitisha, vuta, bana kwa kidole gumba. Toboa, pitisha, vuta. Msukaji mzuri hageuzi kikapu kutazama michoro, anahesabu kichwani huku anaongea. Yule mkubwa wao alinipa nijaribu, kisha bila kusema kitu akafumua nilichofanya akaendelea pale nilipoanzia.

Kila wanapokutana kusuka kuna kisanduku cha fedha katikati, chenye kufuli. Ni kuweka na kukopa, kama upatu wenu, ila wao wana daftari na faini ya mchelewaji. Kutokana na kisanduku hicho watoto wamenunuliwa madaftari, mmoja amelipiwa hospitali, mwingine amepata mbuzi. Anayeongoza hana cheo wala ofisi. Nilimuuliza kwa nini asisuke kwake tu auze peke yake, yeye aliye fundi kuliko wote. Akasema wanunuzi wakija wanataka vikapu vingi vinavyofanana, na yeye ana mikono miwili. Kwa hiyo aliwafundisha wengine apate kuuza. Hakujipamba kwa maneno ya huruma, nikampenda kwa hilo.

Shida yao ni soko. Mgeni akipita anapiga picha, anasema vizuri sana, anaondoka. Mchuuzi akija anakata bei mpaka mfuniko unakuwa bure, kisha kikapu hicho hicho kinakwenda mjini kinauzwa kwa bei ambayo msukaji hataisikia. Sina haja ya kukueleza. Hayo hayo mnafanyiwa kwa mikeka yenu hapo Tanga.

Basi nina maombi mawili kwako, kwa sababu wewe una kikundi na una ulimi. La kwanza, nimenunua viseke vitatu kwa bei waliyotaja, na kimoja ni chako. Usikiweke kabatini. Kipeleke kwenye kikundi, mkifumue kitako kidogo mwone wanavyobana ule mzunguko wa kwanza, na ninyi mniandikie jinsi ya kuanza ukili wa rangi mbili, nitawatumia wale wa Mwakiro maelezo hayo kwa mkono wa dereva wa Kabanga.

La pili ni zito kidogo. Kila mwaka Februari Zanzibar wanafanya tamasha la muziki la Sauti za Busara, na Bagamoyo chuo cha TaSUBa kina tamasha lake. Ninyi wa Tanga mnawafahamu watu wa huko kuliko mimi. Waambieni wakitaka kuialika Burundi, safari hii waache ngoma zipumzike, wawaite akina mama wawili wa Mwakiro na kipaza sauti kimoja. Gharama yao ni ndogo kuliko ya vijana 20 na ngoma zao. Wafanye hivyo mapema, maana wale wanaojua kuipokea akazehe wana mvi, na mabinti zao wameshaanza kusalimiana kwa mkono.

Salimia kaka, mwambie nauli aliyonipa iliishia Karuzi.

Wifi yako wa Ngara